On the Boards ya Taste: dakika 36 kwa wapiga gitaa wa Jiji la Miamba

Mpiga gitaa wa Mwanza mwenye nafasi ya albamu moja tu ya roki ya Ireland kwenye simu yake, aweke On the Boards ya Taste. Ilitolewa na kampuni ya Polydor Januari 1970, ina nyimbo 10, na yote inakwisha kwa takribani dakika 36. Ukiianza daladala ikitoka Buhongwa, utakuwa unaimalizia mjini. Waliopiga ni watatu: Rory Gallagher kwenye gitaa na sauti, Richard McCracken kwenye besi, John Wilson kwenye dramu. Saksafoni na harmonika zinazosikika humo ni za Gallagher huyohuyo. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta, hakuna gitaa la rithimu la kumbeba mpiga solo.

Masikio ya watu wa huku yamelelewa na bendi kubwa za dansi. Kuna solo, kuna rithimu, kuna solo la pili, besi, tumba, dramu na safu ya wapulizaji. Kila chombo kina kiti chake, na mmoja akiteleza wengine wanamfunika. Mwaka huohuo wa 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na muziki wao ulisimama juu ya magitaa yanayopokezana. Lakini leo mwenye baa ya ufukweni akiita bendi ya Jumamosi jioni, mara nyingi bajeti yake ni ya watu watatu, wakizidi sana wanne. Mpiga gitaa akiacha kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ili aingie kwenye solo, wimbo unabaki mifupa mitupu. On the Boards inaonyesha namna ya kuzuia hilo, tena imerekodiwa kwa uwazi kiasi kwamba unaweza kumfuata mpigaji mmojammoja kwa sikio tu.

Historia ya bendi yenyewe ni fupi. Taste ilianzishwa Cork, kusini mwa Ireland, mwaka 1966. Gallagher, mzaliwa wa Ballyshannon, alikuwa na miaka 18, na wenzake wa kwanza walikuwa Eric Kitteringham kwenye besi na Norman Damery kwenye dramu. Mwaka 1968 wakaingia McCracken na Wilson, vijana wa Ireland ya Kaskazini, na makao yakawa London, kwenye klabu ya Marquee. Novemba mwaka huo walifungua onyesho la kuaga la bendi ya Cream, Royal Albert Hall. Mwaka 1969 albamu ya kwanza ikatoka, wakazunguka Marekani na Kanada pamoja na bendi ya Blind Faith. Tarehe 28 Agosti 1970 walipanda jukwaa la tamasha la Isle of Wight, kisiwa cha Uingereza, mbele ya mamia ya maelfu ya watu, wakarudishwa jukwaani mara kadhaa. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1970, wakapiga Belfast, na hapo ikawa basi. Mvutano kuhusu usimamizi na mapato ulikuwa umeshawatafuna hata kabla ya Isle of Wight. McCracken na Wilson wakaunda bendi ya Stud, Gallagher akaendelea kwa jina lake mwenyewe hadi kifo chake tarehe 14 Juni 1995. Hesabu ya kazi ya studio ya Taste inabaki albamu mbili.

Tuingie kwenye nyimbo. What's Going On ndiyo inayofungua, dakika mbili na ushei, na ni roki nzito isiyo na mapambo: rifu (kifungu kifupi cha noti) inayojirudia, sauti ya kijana anayeimba kwa koo lote, solo fupi, imekwisha. Ni wimbo mzuri wa kufungulia onyesho kwa sababu unampa fundi mitambo kila anachohitaji kurekebisha ndani ya dakika ya kwanza. Morning Sun iko katika ukoo huohuo. Railway and Gun inabadilisha mwendo katikati, na wapigaji wengi wanaoiiga huanguka hapo: wanaharakisha kabla dramu haijageuka. Dawa yake ni moja, mtazame mpiga dramu mkono, usihesabu kichwani peke yako.

Wimbo wa kukaa nao wiki nzima ni It's Happened Before, It'll Happen Again. Una dakika sita na nusu, na unaegemea jazi kuliko roki. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata besi tu. McCracken hakai kwenye noti mbili akisubiri kordi ibadilike. Besi inatembea, kila pigo lina noti yake, na noti ya mwisho ya kila mzunguko inakuvuta kwenda kordi inayofuata. Mara ya pili fuata tasa kubwa (ride) la Wilson. Gitaa likiwa linaimba, tasa hilo linajaza nafasi ambayo kwenye bendi ya dansi ingejazwa na gitaa la rithimu. Mara ya tatu sasa fuata gitaa, uone Gallagher anavyomaliza sentensi zake. Anapiga fungu la noti, anaacha pumzi, na ndani ya ile pumzi anachomeka kordi moja fupi kabla ya kuendelea. Ile kordi fupi ndiyo gongo linaloshikilia hema. Baadaye inakuja saksafoni ya alto. Gallagher si mpulizaji wa kiwango cha gitaa lake, sauti ina ukwaru kidogo, lakini inafaa mahali pake.

Tulipeleke hilo kwenye jukwaa la huku. Kosa la kawaida la bendi ya watu watatu liko hivi: solo ikianza, mpiga gitaa anakimbilia freti ya 12 (freti ni vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) kwenda juu, mpiga besi anabaki palepale freti ya 3, na dramu inaendelea na mdundo uleule wa tasa pacha (hi-hat). Katikati panabaki shimo. Wateja hawajui jina la kilichopotea ila wanarudi kwenye maongezi yao. Namna ya kupanga upya, kwa kufuata albamu hii: solo ianzie shingoni katikati, freti ya 5 hadi ya 8, ambako noti bado ni nene. Uzi mnene ulio wazi uachwe ulie chini yake pale ufunguo unaporuhusu. Mpiga besi apande kwenye nyuzi za D na G, aongeze noti, lakini noti ya kwanza ya kila mzunguko irudi chini. Mpiga dramu ahame kutoka tasa pacha kwenda tasa kubwa. Freti ya 12 ije mwisho, kwenye mizunguko miwili ya kufunga. Mazoezi ya saa moja kwa mpango huu yanatosha kusikia tofauti.

On the Boards yenyewe, wimbo uliobeba jina la albamu, nao una dakika sita. Ni mzito wa moyo, wa polepole, na saksafoni inarudi. Huu si wa baa yenye runinga ya mpira. Eat My Words ni wa gitaa la kuteleza, na nitaurudia chini. If the Day Was Any Longer una harmonika na mwendo wa muziki wa mashambani, See Here ni gitaa lisilo la umeme na sauti tulivu, If I Don't Sing I'll Cry ni wa kawaida tu. I'll Remember inafunga kwa kitu cha kupendeza: Gallagher anaimba silabi zisizo na maneno sambamba na noti za gitaa, kisha rifu nzito inaingia kama mlango uliosukumwa na upepo wa ziwani.

Kabla ya kuihukumu albamu, angalia unaisikilizia wapi. Sabufa ndizo zilizojaa majumbani, na nyingi zimetengenezwa kuvimba karibu na hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. E ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne iko hezi 41, E ya chini ya gitaa iko hezi 82, kwa hiyo uvimbe huo unaangukia pale ambapo McCracken na upande mnene wa gitaa wanakutana. Matokeo yake ni mngurumo mmoja ambao hakuna anayeweza kusema ni chombo gani. Punguza kitufe cha besi hadi theluthi moja. Toa boksi kubwa kwenye kona ya chumba na chini ya kabati la runinga, kwa sababu kuta mbili zinazokutana zinaongeza sauti za chini. Spika ndogo ziweke usawa wa masikio, mita moja na nusu hadi mbili kati yake, zikikutazama. Zima ekolaiza ya simu. Spika moja ya blututhi inayobebwa mkononi inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na kwa kazi ya kumfuata mpigaji mmojammoja haifai. Afadhali spika za masikioni za bei ya kawaida.

Faili nalo lina neno. Kwa dakika 36, faili za kilobiti 128 kwa sekunde zinakula kama megabaiti 35, na za kilobiti 320 kama megabaiti 86. Tofauti hiyo ya bando inalipa. Kwenye zile ndogo tasa za Wilson zinageuka kuwa mvua juu ya bati, na tasa ndizo zinazofundisha hapa. Sidii yenyewe ikihamishwa bila kubanwa inafika karibu megabaiti 380, na flashi ya leo inazimeza bila shida. Jihadhari na faili za kilobiti 128 zilizogeuzwa kuwa 320 na kuuzwa kwenye flashi za mkusanyiko: ukubwa unaongezeka, kilichopotea hakirudi.

Sasa sauti ya gitaa, kwa kuwa swali la kwanza la kila anayesikia What's Going On ni namna ya kuipata. Gitaa la Gallagher lilikuwa Fender Stratocaster ya mwaka 1961, aliyoinunua Cork mwaka 1963 kwa bei iliyokaribia pauni 100. Rangi yake ilibanduka karibu yote kwa miaka ya jasho na safari. Mwaka 2024 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 800,000. Amplifaya yake iliyojulikana zaidi ni Vox AC30, ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti), wati 30, spika mbili za inchi 12. Kati ya gitaa na amplifaya kulikuwa na kisanduku cha Dallas Rangemaster chenye kitufe kimoja, transista moja ya jemani (germanium) na betri ya volti 9. Kazi yake ni kunyanyua sauti za juu na kukata za chini, ili valvu zichemke bila sauti kuwa tope. Hakuna kanyagio la kukwaruza sauti kupita kiasi. Ndiyo maana kila uzi unasikika.

Kwa vifaa vinavyopatikana hapa, kopi yoyote nzuri ya Stratocaster yenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) tatu nyembamba inatosha. Weka swichi kwenye pikapu ya nyuma au ile ya katikati na nyuma pamoja. Kwenye amplifaya ya transista anza na besi 3, kati 6, juu 5, na geini (nguvu ya sauti inayoingia) ipande hadi pale ambapo ukipiga kwa upole sauti ni safi, ukipiga kwa nguvu inakwaruza. Mbele yake weka kanyagio la kuongeza nguvu, geini chini, ujazo juu. Kitufe cha sauti cha gitaa kiwe 7 wakati wa kordi, 10 wakati wa solo. Gallagher alifanya kazi kubwa kwa vidole kwenye vitufe hivyo, na mtu anayeacha kila kitu 10 usiku kucha hatafika.

Anayemwomba fundi amtengenezee kisanduku kama kile cha zamani ajue jambo hili la hali ya hewa: transista ya jemani inavuja umeme, na uvujaji huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzijoto 10. Kikirekebishwa asubuhi karakana ikiwa na baridi, usiku kwenye ukumbi wenye joto la nyuzi 33 noti zinaanza kukatika mwishoni, kama redio inayopoteza stesheni. Tumia transista ya silikoni, kwa mfano BC108 au BC109, na resista na mwelekeo wa betri vipangwe upya kwa ajili yake. Sauti inakuwa kali kidogo. Punguza kitufe cha juu kwenye gitaa, mambo yanakwisha.

Pikapu nyembamba zina adui mmoja mkubwa Mwanza, na adui huyo ni miamba yenyewe. Pikapu ya aina hii inanasa mngurumo wa umeme wa hezi 50 kutoka transfoma, friji, taa za rangi na runinga. Kinga mojawapo ni ethi nzuri ya jengo, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Fundi umeme anapaswa kuzamisha nondo ya shaba ya kama mita 1.2 au zaidi. Kwenye miteremko ya Bugando, Igogo au Mabatini nondo hiyo inagonga jiwe kabla hata ya kufika nusu. Wengine wanaikata, wanafunga waya, wanaondoka. Jengo linaonekana lina ethi, kumbe granaiti haipitishi umeme kama udongo wenye unyevu. Ukifika kupiga, gitaa linalia vuuu mara tu unapoachia nyuzi na linanyamaza ukizigusa. Ethi dhaifu ya jengo inaweza kuleta hali hiyo, ila inaweza kuwa pia kinga dhaifu ya mngurumo ndani ya gitaa, kwa hiyo jaribu gitaa hilohilo mahali pengine kabla ya kulaumu jengo.

Suluhisho la kudumu ni la fundi mwenye leseni. Nondo au utepe wa shaba ulazwe kwenye mtaro wenye udongo badala ya kusimamishwa, uzungukwe na mkaa uliopondwa na chumvi, umwagiliwe maji wakati wa kiangazi, kisha upimwe kwa kifaa chake. Kwa usiku mmoja wa kazi, fanya haya: amplifaya zote na mikisa zichukue umeme kwenye soketi moja, mbali na ile ya friji na taa. Simama mita mbili au tatu kutoka amplifaya, kisha geuka polepole. Kuna pembe ambayo mngurumo unashuka, weka alama ya gundi sakafuni. Kebo ya gitaa isizidi mita 6 na isilale sambamba na waya wa umeme. Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi ili kuua mngurumo. Ukifanya hivyo, hitilafu yoyote ndani ya amplifaya inapitia nyuzi za gitaa, na mdomo ukigusa kipaza sauti njia ya umeme ni mwili wako.

Mwenye amplifaya ya valvu aongeze stabilaiza ya VA 1000. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, umeme wa kupasha valvu moto unaotakiwa kuwa volti 6.3 unaanguka kwenye 5.2, sauti inafifia na kupoteza makali, na mtu anadhani spika imekufa.

Jasho na unyevu wa ziwani vinakula chuma. Nyuzi za kawaida za seti ya 10 kwa 46 kwenye baa iliyo wazi upande wa maji zinaanza kukwaruza vidole ndani ya siku chache zisipofutwa. Futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba mara baada ya kupiga, na tone la mafuta mepesi ya cherehani kwenye skrubu za daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa) kila mwezi. Skrubu ndogo za urefu wa uzi zikishika kutu hazifunguki tena, na gitaa litabaki na sauti inayopotoka kuanzia freti ya 7 kwenda juu.

Nimeahidi kuirudia Eat My Words. Hapa Gallagher anavaa bomba kidoleni na kuliteleza juu ya nyuzi. Bomba la kununua ni adimu madukani kwetu, lakini kipande cha bomba la maji la chuma la nusu inchi kinafaa sana kwa kidole kidogo cha mtu wa kawaida. Ndani lina karibu milimita 16, na kipande cha sentimita 6 kina uzito wa gramu 70 hivi, wa kutosha kutoa sauti nene. Mafundi chuma wa Makoroboi wanakata kitu kama hicho kwa dakika chache. Mwambie asikate karibu na mshono wa ndani uliovimba, na akiangalie kama kimenyooka kwa kukiviringisha juu ya kioo. Kikiyumba, nyuzi mbili zitasikika na ya tatu itanyamaza. Kisha msasa namba 240 hadi mabati ya juu yatoke na uso uwe sawa, ukifuatiwa na 400, halafu 600, na kumalizia kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia vyuma. Piga msasa nje kwenye hewa, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, kwa sababu vumbi la zinki si la kuvuta. Kingo za ndani zizungushwe kwa tupa hadi zisikwaruze ngozi.

Kwa mwanafunzi, legeza nyuzi za 6, 5 na 1 kwa toni moja kila mmoja, gitaa likae D-G-D-G-B-D. Njia hii ni salama kuliko kukaza, kwani shingo za kopi nyingi hazina nguvu ya kubeba mvutano zaidi. Pandisha daraja hadi nafasi kati ya uzi na freti ya 12 iwe milimita 2.5, la sivyo bomba litagonga freti. Bomba likae juu kabisa ya chuma cha freti. Ukilisimamisha nyuma yake, pale ambapo kidole hukaa kwa kawaida, kila noti inakuwa chini kidogo na bendi nzima inaonekana imepotoka. Kidole cha shahada kilale kwa upole nyuma ya bomba kuua milio ya ziada. Bila kidole hicho, sauti ni ya mlango wa kontena.

Kasoro za albamu zipo. Urefu wake ni mdogo, na nyimbo kadhaa za dakika mbili zinakatika kabla mada haijaiva. If I Don't Sing I'll Cry ingeweza kuachwa. Mtu anayetafuta roki nzito tupu kwa dakika zote 36 atachoka kwenye saksafoni na See Here. Kwa huyo, albamu ya kwanza iitwayo Taste inafaa zaidi: nyimbo 9, mbichi, zenye Blister on the Moon iliyo kali kuliko chochote kwenye hii ya pili, na Catfish, wimbo mrefu wa bluzi ya zamani ambamo mtu anatamani angekuwa kambale. Watu wa Kirumba Mwaloni hawahitaji kuelezwa kambale ni nani. Lakini kwenye albamu ile wapigaji wanasukumana zaidi ya kusikilizana, kwa hiyo kama darasa inashika nafasi ya pili.

Za jukwaani ziko mbili zilizotoka baada ya bendi kuvunjika, zote mwaka 1971: Live Taste, iliyorekodiwa Montreux, Uswisi, na Live at the Isle of Wight. Zina moto ambao studio haina. Za kujifunzia gitaa, ndiyo. Za kujifunzia bendi, chukua hii kwanza. Mwaka 2015 kulitolewa sanduku la sidii nne liitwalo I'll Remember, na kando yake filamu ya onyesho la Isle of Wight. Filamu hiyo mpiga dramu aione, maana mikono ya Wilson inaonekana.

Unapotafuta mtandaoni, usiandike neno Taste peke yake, utapewa mapishi na bendi nyingine zenye majina yanayofanana. Andika Taste pamoja na On the Boards, uhakikishe nyimbo ni 10, wa kwanza What's Going On na wa mwisho I'll Remember. Orodha ikiwa na nyimbo zaidi ya hizo, ni toleo lenye nyongeza au mkusanyiko. Si vibaya, ila mpangilio wa pande mbili za sahani ya santuri, tano kwa tano, utakuwa umevurugika. Upande wa pili unaanza na Eat My Words, na bomba lako liwe tayari kidoleni kabla hujabonyeza.